Bahasha ya Namba 1026

Hadithi, hadithi! Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe wa nyuma uliyekwisha anza kusinzia. Tumezoea kuitikia kwamba uongo uje, utamu ukolee. Leo uongo ubaki huko huko uliko. Ninayowasimulia yalitokea kweli katika jiji la Washington, makao makuu ya Marekani, na matokeo yake yapo hadi leo kwa yeyote anayetaka kuyagusa kwa mkono.

Nianze kwa kuwauliza. Mji ukitaka kujenga mnara wa kuwakumbuka watu waliokufa vitani, nani achague mnara huo uweje? Rais? Tajiri aliyetoa fedha? Msanifu majengo mwenye jina kubwa kuliko wenzake? Mama aliyefiwa na mwanawe? Kila mmoja ana haki ya kusema, lakini wote wakisema kwa pamoja hakijengwi kitu. Watu wa hadithi yetu walipata njia, na katika njia hiyo kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote: waliyaficha majina ya waliochora, wakubwa kwa wadogo, ili waione michoro yenyewe.

Marekani ilipigana vita Vietnam, kule Asia ya Kusini Mashariki, kwa miaka mingi. Vita viliisha mwaka 1975, na walioshinda walikuwa upande wa pili. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Wavietnamu waliokufa walikuwa wengi zaidi kwa mbali, na nawaomba msiwasahau, ingawa mnara ninaousimulia haukujengwa kwa ajili yao.

Vita vile viliwagawa Wamarekani. Wapo walioona ni vya haki, na wapo waliojaa barabarani kuvipinga. Askari waliporudi nyumbani wengi wao hawakupata shangwe wala pole. Hasira ya watu juu ya vita ikawaangukia vijana waliotumwa kupigana, na wengi wao walikuwa hawajafika hata miaka 25.

Mmoja wa askari hao aliitwa Jan Scruggs. Alijeruhiwa Vietnam mwaka 1969, akarudi na vipande vya chuma mwilini na sura za wenzake waliokufa kichwani. Miaka kumi baadaye, Machi 1979, alikwenda kutazama filamu iliyohusu vita hivyo. Usiku ule usingizi haukumjia. Kulipokucha alimwambia mkewe kwamba atajenga mnara, na juu yake yataandikwa majina ya wote waliokufa, bila kumwacha hata mmoja.

Hakuwa tajiri, wala hakuwa mtu wa siasa. Alitangaza nia yake mbele ya waandishi wa habari, akasubiri michango. Wiki kadhaa zikapita, na fedha zilizoingia zilikuwa dola 144 na senti 50. Wapo waliomcheka. Lakini tangazo lile lilimletea pia watu wenye akili na subira, wakiwamo wanasheria wawili waliokuwa wametumikia jeshi Vietnam, Robert Doubek na John Wheeler. Pamoja waliunda mfuko wa kukusanya fedha, na wakaenda kuligongea mlango Bunge la Marekani.

Hawakuomba fedha bungeni. Waliomba ardhi. Tarehe 1 Julai 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowapa eneo katika uwanja mkubwa wa kumbukumbu wa Washington, karibu na jengo la kumkumbuka Abraham Lincoln. Fedha zote za ujenzi zingetoka kwa wananchi. Mchoro wowote utakaochaguliwa ungehitaji kibali cha tume ya sanaa, tume ya mipango ya jiji, na waziri anayesimamia ardhi na hifadhi za taifa. Kishikeni kipengele hicho cha vibali, maana kitaleta vurugu mbele.

Sasa wana ardhi. Nani achore?

Wangeweza kumwendea msanifu mashuhuri, wakamlipa, wakamaliza. Miji mingi hufanya hivyo, na miji mingine hufanya vibaya zaidi: kazi hupewa rafiki wa mkubwa. Wale askari wa zamani waliamua kuitisha shindano la wazi. Raia yeyote wa Marekani aliyetimiza miaka 18 aliruhusiwa kushiriki, awe na shahada ya usanifu au asiwe nayo. Ada ya kujiandikisha ilikuwa dola 20.

Kuitisha shindano ni kazi ya kitaalamu, wajukuu zangu. Si kutangaza tu kwamba mwenye wazo alilete. Walimwajiri msanifu aitwaye Paul Spreiregen awaongoze, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha masharti yameandikwa kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Washiriki walipewa maelezo na ramani ya eneo lenyewe. Masharti makuu yalikuwa manne. Mnara umtulize mtu na kumfanya atafakari. Upatane na mazingira yake, yaani usipigane na majengo makubwa yaliyo jirani. Uwe na majina ya wote waliokufa na ya wote waliopotea vitani. Na usiseme lolote la kisiasa kuhusu vita.

Sharti hilo la nne ni la hekima kubwa. Fikirini: nchi bado inagombana kama vita vilikuwa sawa au si sawa. Mnara ukisema vilikuwa sawa, nusu ya watu hawatasogea hapo. Ukisema havikuwa sawa, mama wa marehemu atalia mara ya pili. Kwa hiyo walivitenganisha vita na watu waliokufa ndani yake, wakamwambia mchoraji ashughulike na watu.

Ikabaki kuchagua majaji. Wapo waliotaka wawe askari wa Vietnam au wazazi wa marehemu. Waandaaji walijadiliana sana, wakaamua kuwaita wataalamu. Waliogopa kwamba jaji mwenye kidonda kibichi angechagua kile kinachomgusa yeye, na wenzake wangeona aibu kumpinga. Wakateua wanane: wasanifu majengo wawili, wasanifu wa bustani na mandhari wawili, wachongaji sanamu watatu, na mwenyekiti Grady Clay, mwandishi aliyezoea kuandika juu ya miji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepigana Vietnam. Uamuzi huo ulileta manung'uniko baadaye, na nayaelewa. Hata hivyo naona waandaaji walikuwa sahihi. Kusoma mchoro ni ujuzi. Mtu asiyeuzoea huona mistari tu kwenye karatasi, mahali ambapo mzoefu anaona jengo zima, na kivuli chake saa kumi jioni.

Hadi mwisho wa Machi 1981, siku ya mwisho ya kupokea kazi, kazi 1,421 zilikuwa zimefika. Wasanifu wenye kampuni kubwa walileta, na wanafunzi pia, na watu ambao hawakuwahi kujenga hata banda. Kila kazi ilipewa namba. Jina la mwenyewe lilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na hakuna jaji aliyeruhusiwa kuifungua. Ninyi mnaifahamu njia hii: ni kama mtihani wa taifa, ambapo msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa na hajui kama ni mtoto wa waziri au wa muuza mchicha.

Kazi zilikuwa nyingi mno hata chumba cha kuzitandaza hakikupatikana. Wakapewa banda la kuegeshea ndege katika kambi ya jeshi la anga ya Andrews, nje kidogo ya Washington. Michoro ilisimamishwa safu kwa safu, na majaji wakawa wanatembea kati yake mwishoni mwa Aprili, siku baada ya siku. Kwanza kila mmoja alipita akitazama kwa macho yake mwenyewe na kuweka alama kwenye zile alizoona zinastahili kujadiliwa. Zikabaki 232. Wakapita tena wakizungumza, zikabaki 39. Kufika hapo mambo huwa magumu, kwa sababu karibu kila iliyobaki ni nzuri.

Kulikuwa na mchoro mmoja wa namba 1026. Kwa mtazamo wa haraka ungedhani umechorwa na mtoto. Chaki za rangi laini, kijani na samawati, na katikati umbo jeusi lenye mbawa mbili zilizokutana kwa pembe. Hakukuwa na sanamu ya askari, wala bendera, wala mnara wa kwenda juu. Pembeni kulikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Majaji waliupita, wakaurudia, wakaupita, wakaurudia. Kila waliposoma maelezo, mchoro uliwafungukia zaidi. Mmoja wao alisema kwamba nyakati zenye mkanganyiko zinahitaji maumbo mepesi. Mwishowe wote wanane walikubaliana: ni huo, na hakuna mwingine.

Bahasha ikafunguliwa. Ndani yake kulikuwa na jina la Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, msichana wa miaka 21.

Maya alizaliwa mwaka 1959 katika mji mdogo wa Athens, jimbo la Ohio. Wazazi wake walihamia Marekani kutoka China. Yeye na wenzake walikuwa wakisoma somo la usanifu wa majengo ya mazishi na kumbukumbu, wakaona tangazo la shindano, wakaamua liwe zoezi la darasa. Wakati wa likizo ya Novemba 1980 alikwenda Washington kuliona eneo lenyewe. Nisikilizeni vizuri hapa, ninyi mnaopenda kuchora: hakuanzia kwenye karatasi, alianzia kwenye ardhi. Alisimama juu ya majani, akawaza kuikata ardhi kwa kisu na kuifungua, kisha kuyaacha majani yapone taratibu kuzunguka mahali palipokatwa, lakini alama ya jeraha ibaki pale, nyororo, ikimeta. Kielelezo chake kimojawapo cha kwanza alikifinyanga kwa viazi vilivyopondwa, katika ukumbi wa chakula wa chuo.

Alieleza kwamba ukuta hauchomozi juu ya ardhi. Unaingia ndani yake. Mgeni anashuka polepole kwenye mteremko, na kadiri anavyoshuka ukuta unarefuka, hadi katikati ambapo unamzidi kimo. Bawa moja linaelekea kwenye jengo la Lincoln, na jingine kwenye ule mnara mrefu wa George Washington, hivyo majina ya wafu yanaunganishwa na historia nzima ya nchi. Jiwe ni jeusi na limesuguliwa hadi linaakisi. Anayesoma majina anauona uso wake mwenyewe kati ya majina hayo.

Fikirini kama bahasha zisingefungwa. Majaji wangeona: mwanafunzi, hajawahi kujenga chochote, msichana, mtoto wa wahamiaji kutoka Asia, na vita vyenyewe vilipiganwa Asia. Pembeni yake, kazi ya kampuni yenye wasanifu mia. Ni jaji gani angekuwa na moyo wa kusimama mbele ya namba 1026 kwa dakika zaidi ya moja?

Mei 1981 matokeo yalitangazwa, na Maya akapewa zawadi ya dola 20,000. Kama hii ingekuwa ngano ningesema hapa kwamba wote wakaishi raha mustarehe. Haikuwa hivyo.

Wapo askari wa zamani waliopenda ule ukuta tangu mwanzo. Wengine walikasirika sana. Kwa nini uwe mweusi, wakati minara mingine ya Washington ni myeupe? Kwa nini ushuke chini kama shimo? Iko wapi sanamu ya shujaa? Mmoja wao aliuita jeraha jeusi la aibu, na maneno hayo yakaenea magazetini. Ross Perot, tajiri wa Texas aliyekuwa ametoa dola 160,000 za kuendeshea shindano, naye akageuka kuupinga. Wapo pia waliotupia maneno asili ya Maya, na hayo ni ya kulaaniwa.

Katika mkutano mmoja mkali mwanzoni mwa mwaka 1982, alisimama Brigedia Jenerali George Price, Mmarekani mweusi aliyepigana Vietnam. Alisema amechoka kusikia rangi nyeusi ikiitwa rangi ya aibu. Ukumbi ulimsikiliza, na tangu hapo hoja ya rangi ikaishiwa nguvu.

Lakini kibali kilikuwa mkononi mwa waziri, James Watt, naye alikataa kukitoa mpaka wapinzani waridhishwe. Ndipo wakapatana: ukuta ujengwe kama ulivyochorwa, na ziongezwe bendera pamoja na sanamu ya askari. Sanamu ilipewa mchongaji Frederick Hart, ambaye alikuwa katika kundi lililoshika nafasi ya tatu kwenye shindano lile lile. Maya alipinga kwa nguvu zake zote, akihofia kazi yake itakatwa vipande. Wapo waliotaka sanamu isimame katikati kabisa, pale mbawa mbili zinapokutana, na bendera juu yake. Tume ya sanaa ilikataa. Sanamu ya askari watatu iliwekwa pembeni, umbali wa kutosha, mwaka 1984, nayo leo inaonekana kama inautazama ukuta kutoka mbali.

Mimi nadhani Maya alikuwa na haki ya kukataa, na walioomba sanamu walikuwa na haki ya kuomba. Kilichouokoa ukuta ni kwamba uamuzi wa majaji ulikuwa umefuata masharti yaliyojulikana mapema, na ukatangazwa hadharani. Kama ungekuwa umechaguliwa kwa siri na mtu mmoja mkubwa, mkubwa mwingine angeufuta kwa kalamu moja. Hata tajiri aliyetoa fedha za shindano hakuweza kuufuta.

Kulikuwa na ubishi mwingine, wa kimya zaidi, na huu ndio unaonigusa mno. Majina yapangwe vipi? Wapo waliotaka yafuate alfabeti, ili iwe rahisi kuyatafuta. Maya alitaka yafuate siku ya kufa au kupotea. Alieleza kwamba kwa alfabeti ukuta ungekuwa kitabu cha simu: mamia ya watu wenye jina la Smith wangepangwa kwa safu, na mama aliyekuja kumtafuta mwanawe asingejua ni Smith yupi. Kwa mpangilio wa siku, waliokufa pamoja wanabaki pamoja. Askari aliyenusurika akilipata jina la rafiki yake, kando yake anawaona wengine waliokuwa nao asubuhi ile. Askari wa zamani walipolielewa hilo, walikubali. Kwa wageni kikawekwa kitabu cha orodha kinachoonyesha kila jina liko bamba gani na mstari gani.

Orodha inaanzia katikati, kwa waliokufa mwaka 1959, inakwenda hadi ncha ya bawa la mashariki, inaendelea kutoka ncha ya bawa la magharibi, na kurudi katikati mwaka 1975. Wa kwanza na wa mwisho wanakutana.

Ujenzi ulianza Machi 1982. Jiwe la granaiti lilitoka India, likakatwa jimboni Vermont, na majina yakachorwa Memphis, jimboni Tennessee. Kila bawa lina urefu wa mita 75 hivi, na katikati kimo kinapita mita 3 kidogo. Michango ya wananchi ilipita dola milioni 8. Tarehe 13 Novemba 1982 mnara ulizinduliwa ukiwa na majina 57,939, na mengine yameongezwa baadaye. Ninyi mnaokumbuka zile dola 144 mnajua safari ilikotoka.

Watu walipoingia, ule ubishi wote ulipungua wenyewe. Walishuka mteremko, wakatafuta, wakagusa. Waliweka karatasi juu ya jina na kulisugulia penseli, ili waende nalo nyumbani. Waliacha barua, buti, picha na maua chini ya ukuta, na wanaacha hadi leo.

Nasi huku kwetu tuna mnara wa vita. Pale katikati ya Dar es Salaam imesimama Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyowekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliotumika, askari na wapagazi wa mizigo, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nairobi na Mombasa nazo zina sanamu za mchongaji huyo huyo. Ni kazi nzuri. Lakini zungukeni kila upande wa jukwaa lake, hamtaona jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo nina ombi kwenu kabla hatujatawanyika. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayelijua jina la babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vile asirudi, muulizeni wiki hii. Andikeni jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichotoka, mkaitunze karatasi hiyo. Na siku mji wenu utakapotangaza kujenga mnara, mtakuwa watu wazima: daini shindano la wazi, daini bahasha zifungwe, kisha mpeleke jina hilo liandikwe.